Mstari wa Wenye Kadi

Wifi yangu Shufaa binti Bwanaheri amezaliwa Kifude, kitongoji chetu kidogo upande wa Mlingotini. Kaolewa hapa hapa, kaachika hapa hapa, na wazazi wake wote wawili wamelala nyuma ya msikiti. Analima mwani. Kukiwa na harusi au msiba, sufuria kubwa hazibandikwi mpaka yeye afike. Kwa kifupi, ukitaka kujua Kifude ni nani, muulize Shufaa. Lakini hana kadi ya chama chochote, na kwa ajili hiyo tu, mwaka ule wa uchaguzi wa vitongoji alisumbuka na kutusumbua mpaka nikatamani uchaguzi upite tupumzike.

Mimi ni Ashatu, mke wa kaka yake. Kadi ninayo, tangu usichana. Kwa hiyo haya nayasimulia nikiwa ndani ya mstari, yeye akiwa nje.

Kwanza mjue kwa nini hana. Vyama vingi vilipoingia, baba yake, mzee Bwanaheri, alibaki chama cha zamani, na mdogo wake, mzee Mosi, akahamia kipya. Nyumba zao zilitazamana. Kila mmoja akapandisha bendera yake juu ya paa, na salamu zikakatika. Mzee Mosi akafa. Jeneza likatoka, likapita mbele ya kibaraza cha kaka yake, na mzee Bwanaheri akabaki ndani, mlango kaurudisha. Shufaa alikuwa msichana. Aliliona jeneza la ami yake likipita, akauona na mlango wa baba yake. Siku hiyo akaapa kwamba hatashika kadi ya mtu. Na kweli, tangu hapo akawa ndiye anayeingia nyumba zote. Misiba ya bendera hii anapika, ya bendera ile anapika, hakuna anayemtilia shaka kwamba kaja kupeleleza.

Basi, tatizo lilianza na ukuta. Mtu mmoja wa mjini alinunua shamba la minazi lililoko kati ya nyumba zetu na pwani, akajenga ukuta wa matofali kutoka mwanzo hadi mwisho, na njia yetu ya kwenda baharini, njia waliyopita bibi zetu, ikaishia kwenye tofali. Sisi wa mwani tukawa tunazunguka kwenye mikoko. Anayejua uzito wa mwani mbichi, unaochuruzika maji ya chumvi mpaka machoni, atajua maana ya kuubeba kichwani huku tope limekufika magotini. Mwenzetu Zuhura aliteleza akavunjika mkono. Bibi mwingine akaacha kilimo kabisa.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Muharami. Akatuambia tusubiri mchakato. Tukasubiri. Tukarudi. Mchakato unaendelea. Nawaambia, neno hilo mchakato nikilisikia hata redioni sasa, naona tope.

Ndiyo maana ulipokaribia uchaguzi, Mgeni binti Pazi, mjane mwenzetu wa mwani, mwanachama wa siku nyingi, akasema atagombea uenyekiti ndani ya chama chetu kumpinga Muharami. Tulipiga vigelegele pale pale kwenye uwanda wa kuanikia. Shufaa alipiga kuliko wote. Kisha Mgeni akamgeukia.

"Shufaa, wewe utanipigia kura ya maoni kweli?"

"Kwa nini nisikupigie?"

"Kura za maoni ni za wanachama."

"Lakini kila mtu anajua hapa Kifude aliyepita kura za maoni ndiye mwenyekiti. Vyama vingine havisimamishi mtu. Sasa mimi nitachagua lini?"

Kusema kweli, sisi wenye kadi hatukuwahi kuliwaza hilo. Tulikuwa tunaingia, tunachagua, tunatoka, halafu siku ya uchaguzi wenyewe tunakwenda kama tunaokwenda kukamilisha sherehe.

Shufaa hakuwa mtu wa kunung'unika kichinichini. Jioni ile alikwenda kwa katibu wa tawi, Abdulazizi, kijana mpole tu, mwenye duka la vocha. Nilifuatana naye.

"Shikamoo, bi Shufaa. Shikamoo, bi Ashatu."

"Marahaba, mwanangu," akasema Shufaa. "Nimekuja kuuliza. Mimi mkazi, nimejiandikisha kupiga kura ya kitongoji. Nataka kushiriki kumchagua mgombea wenu. Naingilia mlango gani?"

Abdulazizi akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Bi Shufaa, ile ni shughuli ya chama. Asiye mwanachama haingii. Wewe subiri siku ya uchaguzi."

"Siku ya uchaguzi nitakuta majina mangapi?"

"Hilo sasa linategemea na vyama vingine."

"Vyama vingine wapi, mwanangu? Unavijua wewe hapa?"

Abdulazizi akapanga vocha zake zilizokuwa zimekwisha pangwa. "Kuna fundi Mahmoud," akasema.

Tukaenda kwa fundi Mahmoud. Yeye ni fundi cherehani, na ofisi ya chama chake ni ile ile baraza anayoshonea, bendera imefungwa kwenye nguzo juu ya nguo za wateja. Alitupokea kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu anayedaiwa gauni la Idi.

"Dada Shufaa! Karibu, karibu. Nilijua ipo siku."

"Sijaja kuhamia. Nimekuja kuuliza, chama chako kitasimamisha nani Kifude?"

"Hatujapata mtu bado." Akasimamisha cherehani, akamtazama vizuri. "Wewe!"

"Mimi nini?"

"Gombea wewe! Unapendwa na watu wote. Kadi naiandika sasa hivi."

"Mahmoud, mimi natafuta pa kupigia kura, wewe unanipa kadi!"

"Bila kadi hugombei, dada. Sheria inataka udhaminiwe na chama."

"Hata nikitaka kusimama mwenyewe, mimi kama Shufaa?"

"Hata ukitaka. Mgombea wa peke yake hakuna."

Tukarudi mpaka kwenye kona ya msikiti. Pale akasimama, akaniuliza, "Wifi, hebu nieleze. Bila chama sichagui mgombea. Bila chama sigombei. Sasa ninachoitiwa mimi ni nini? Kuja kutumbukiza karatasi?"

Nikamwambia achukue kadi tu, yaishe. Kadi si ndoa.

Akanijibu vibaya, sitayarudia maneno yake. Lakini kesho yake, na keshokutwa, kila tukitoka baharini na kuzunguka kwenye mikoko, nilimwona anawaza. Mgeni naye hakumwacha. Alimwendea nyumbani, wakakaa ukumbini. Mgeni akamwambia, "Sikulazimishi. Lakini Muharami anahesabu watu wake, na mimi nahesabu wangu. Upungufu wangu ni wa watu kama wewe, wanaonipenda halafu wanakaa nje."

Ilikuwa asubuhi ya bamvua, maji yanapotoka mbali, siku ambayo sote tulipaswa kuwa majini, Shufaa aliponijia kavaa baibui na mkononi kashika picha zake mbili ndogo.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Usiniulize. Ukiniuliza nitarudi nyuma."

Nilielewa. Nilivaa viatu tukatoka. Mpaka dukani kwa Abdulazizi alikuwa anasoma istighfari chini chini, na mimi nikimwona mwanamke mzima anakwenda kuvunja kiapo cha maisha yake kwa ajili ya njia ya kupitisha mwani, moyo wangu uliuma. Sikufurahi hata kidogo, ingawa mimi ndiye niliyemshauri.

Akaweka picha juu ya meza. "Abdulazizi, niandikie kadi."

Kijana akaziangalia zile picha, akatuangalia, akatazama barabarani. Akajikuna shingo.

"Bi Shufaa... uandikishaji umefungwa."

"Umefungwa?"

"Maelekezo yametoka juu. Wanachama wapya mpaka baada ya uchaguzi. Ungekuja wiki iliyopita..."

"Wiki iliyopita nilikuja! Ukaniambia nisubiri uchaguzi!"

"Wiki iliyopita hukuomba kadi, bi Shufaa. Uliomba kura."

Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Alichukua picha zake, akazifuta vumbi kwa ncha ya mtandio ingawa hazikuwa na vumbi, akatoka. Nyumbani akalala kutwa nzima mchana kweupe, yeye ambaye hata homa haimlazi. Nilimpelekea uji. Akasema bila kugeuka, "Nimemsaliti marehemu ami yangu, wifi, na hata huko nilikokwenda kumsaliti wamenifungia." Nikaweka kikombe nikaenda zangu.

Siku ya kura za maoni tulikusanyika uwanjani mbele ya tawi. Utaratibu wetu ni wa mstari: wagombea wanasimama mbele, wanachama wanajipanga nyuma ya wamtakaye. Kila mtu anaonekana. Shufaa alikuja pia. Hakuna aliyemzuia kukaa kwenye gogo kando ya uwanja, na alikaa, kajifunga kanga mbili kama aliyekuja matangani.

Tukaanza kujipanga. Nyuma ya Mgeni tulikuwa wanawake wengi wa mwani, na wavuvi kadhaa ambao nao njia yao ilizibwa. Nyuma ya Muharami walikuwa jamaa zake na watu wazima wa upande wa juu, mbali na pwani. Mistari ikaenda sambamba. Nikageuka nyuma nikaona wetu umezidi kidogo, nikamkonyeza Mgeni.

Hapo ndipo walipokuja. Kundi la vijana wanaume, wengine buti bado zina saruji. Tuliwajua. Ni vibarua wa ule ukuta, vijana walioletwa kutoka Vigwaza, wanalala kwenye banda ndani ya shamba lile lile. Wakajipanga nyuma ya Muharami, wa mbele kabisa kashika kadi yake juu kama anayeonyesha tiketi. Kadi ilikuwa mpya, haijapata hata mkunjo.

Shufaa aliinuka pale gogoni.

"Abdulazizi!"

"Bi Shufaa, tafadhali, huu ni mkutano wa wanachama."

"Naujua ni wa nani. Nauliza, hawa wameandikishwa lini?"

Abdulazizi akasema kwa sauti ya chini, "Wana kadi."

"Uandikishaji si ulifungwa?"

"Bi Shufaa..."

"Nilikuja kwako na picha zangu mkononi ukaniambia umefungwa! Mimi nimezaliwa hapa. Baba yangu kazikwa hapo, mama yangu hapo." Alikuwa anaonyesha kwa mkono mzima. "Huyu ukimuuliza kisima cha Kifude kiko wapi hakijui! Yeye anachagua mwenyekiti wangu, mimi nikae kwenye gogo?"

Yule kijana mwenye kadi mpya aliona haya, akaishusha. Lakini hakutoka mstarini. Muharami akasema kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda, "Bi Shufaa, tulia mama, usituvurugie utaratibu. Mlango wa chama uko wazi kwa kila mtu."

Watu wakacheka. Si wote, lakini wakacheka. Mimi niliyekuwa mstarini nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu nilitaka kutoka nikasimame naye, na nilijua nikitoka Mgeni amepungukiwa mtu mwingine. Nikabaki. Wakahesabu. Mkia wa Muharami ulikuwa mrefu kuliko wetu, kwa urefu wa wale vibarua na kidogo tu. Mgeni akampa mkono mshindi. Sisi tukarudi nyumbani kwa kupitia mikoko.

Mahmoud hakupata mtu wa kumsimamisha. Mwisho likabaki jina moja, la Muharami.

Nilidhani yamekwisha. Kisha ukaitishwa mkutano wa wakazi wote wa kueleza uchaguzi utakavyokwenda. Alikuja afisa kutoka wilayani, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, akaeleza tena na tena kama mwalimu wa darasa la kwanza. Akasema kwamba pale penye mgombea mmoja, hapiti hivi hivi. Karatasi itakuwa na sehemu mbili, Ndiyo na Hapana.

Shufaa akanyoosha mkono. "Samahani, mama. Hiyo Hapana ni ya wanachama?"

"Ni ya kila mkazi aliyejiandikisha."

"Hata asiye na kadi yoyote?"

"Bibi, sisi kadi za chama hatuzijui. Ukiwa umejiandikisha, unapiga."

Shufaa akasema, "Ahsante," akakaa. Nilimwona anavuta pumzi ndefu kwa mara ya kwanza tangu siku ya picha.

Kuanzia hapo hakutulia. Na sikilizeni namna alivyofanya, maana baadaye walitaka kusema alichochea. Hakumwambia mtu piga Hapana. Aliingia nyumba baada ya nyumba, zile zote anazozijua mpaka mahali chumvi inapowekwa, akakaa jikoni, akasaidia kuchambua mchele, halafu akauliza swali moja tu: "Leo baharini mmepitia wapi?" Basi. Mwenye nyumba akianza kueleza habari za tope, mwenyewe anamaliza kwa hasira. Shufaa anaaga. Aliingia hata nyumba ya dada yake Muharami, na huko nako akakaribishwa chai.

Angekuwa na kadi ya Mahmoud, wa chama chetu wangemfungia milango. Angekuwa na yetu, katibu angemwita kumwonya. Hakuwa na kitu, kwa hiyo hapakuwa na pa kumshikia.

Siku yenyewe tukapiga. Jioni yakasomwa matokeo. Ndiyo imeshinda. Muharami ni mwenyekiti tena. Lakini kwa upenyo mwembamba hivi kwamba aliyesoma alirudia mara mbili, na wapambe waliokuwa wamekuja na ngoma hawakuipiga. Watu wote waliona. Kwenye kura ya jina moja, nusu ya Kifude, au pungufu yake kidogo, ilikuwa imemkataa.

Shufaa hakushangilia wala hakulia. Alisema tu, "Kumbe tuko wengi," akaenda kuswali magharibi.

Siku chache baadaye Muharami alikuja uwandani tulipokuwa tunageuza mwani. Alikuja peke yake, bila mpambe.

"Asalaam alaykum. Bi Shufaa, umenitangazia vita."

"Wa alaykum salaam. Mimi? Sina jeshi, sina chama. Nilipiga kura yangu nikarudi."

"Watu wamenikataa kwa sababu yako."

"Watu wamekukataa kwa sababu ya tope, Muharami. Njoo kesho maji yakitoka upite nasi, na wewe ubebe fungu moja."

Hakuja kesho yake. Lakini alikwenda kwa yule mwenye ukuta, na sijui walizungumza nini. Mwezi uliofuata ukuta ukatobolewa, ukawekwa mlango wa bati. Tumepata njia. Ila mlango una kufuli, na funguo anazo mlinzi, na mlinzi hulala. Kila bamvua inabidi tusimame tugonge bati kwa mawe mpaka aamke, huku maji hayatusubiri. Tukimlalamikia mwenyekiti, anasema suala la funguo linafanyiwa kazi. Ashukuriwe Mungu, angalau si mchakato.

Mimi nami nilifanya langu. Kwenye mkutano wa tawi nilisimama nikasema: kwa kuwa Kifude mgombea wetu ndiye mwenyekiti wa wote, tuwaruhusu wakazi wasio na chama waje kwenye kura za maoni, angalau za kitongoji, au basi tuwaruhusu wawaulize wagombea maswali kabla hatujajipanga. Kulikuwa na minong'ono. Mmoja akasema, "Tukiwaruhusu, wataleta mamluki." Nikasema mamluki mbona tuliwaona, tena na kadi. Mgeni peke yake ndiye aliyepiga makofi. Mwenyekiti wa tawi akasema pendekezo limepokelewa, tuendelee na ajenda inayofuata.

Nilimpelekea Shufaa habari. Alikuwa anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Limepokelewa," nikamwambia.

"Na nani?"

"Na tawi."

"Likawekwa wapi?"

"Sijui, wifi. Limepokelewa tu."

Akakaza fundo, akalivuta kwa meno. "Haya. Mkutano mwingine lini?"

"Baada ya miezi mitatu."

"Utalisema tena?"

Nikasema nitalisema. Akanitazama kama asiyeniamini sana, akanirushia kamba upande wa pili nimsaidie kufunga.